Siku Kumi na Tisa Bila Kufuatwa

Nyumbani kwa kaka yangu Simiyu,
Likuyani.
Siku ya kumi na tisa.

Kwa Mzee Cleophas Osiako,
Mwenyekiti wa Wazee wa Ukoo,
Lurambi, Kakamega.

Shemeji yangu mkubwa ninayekuheshimu,

KUH: AKILI YA SIMU ILIYOINGIA KATIKA NDOA YANGU BILA KUPITIA KWA WAZEE

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye kivuli na lile goti lako limekubali kukunjika. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine yote ndiyo yaliyonifanya niombe karatasi kwa watoto wa kaka yangu.

Unanijua. Mimi ni Rachael Namalwa, mama Gentrix, mke wa mdogo wako Cornelius, naibu wa mwalimu mkuu. Si mtu wa malalamiko. Nilianza kuuza mahindi kwa gorogoro kando ya barabara, debe lenyewe la kuazima, na leo nina kinu cha posho chenye injini mbili, wala katika safari hiyo yote sikumwandikia mtu barua ya kulia. Lakini leo ni siku ya kumi na tisa tangu nitoke kwangu, na mume wangu hajaja kunifuata. Sijakosea kuandika. Kumi na tisa. Najua utashtuka. Najua pia kwamba huenda hukuambiwa, maana mtu wa desturi kama wewe angeambiwa, siku ya tatu angekuwa ameshamshika mdogo wake mkono na kumleta hapa.

Desturi yetu haina siri. Mke akikasirika sana, anarudi kwao. Mume anajipikia siku mbili tatu, anaunguza sufuria, anapata akili. Kisha anakuja na mtu mzima wa upande wake, wanaketishwa, wanasemwa, wanakula, na mke anafunga mzigo wake akiwa amenuna kidogo kwa ajili ya heshima. Hawezi kujirudisha. Mke anayejirudisha ni kama mbuzi aliyekata kamba akarudi zizini jioni: kila mtu anajua hakuwa na pa kwenda.

Kwa hivyo nilifungasha nguo za siku saba. Nilimwachia fundi wa kinu dizeli ya siku saba. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Imeharibiwa na mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu si mwanamke wa nje, kwa sababu mwanamke wa nje ningejua la kumfanya. Ni ile akili bandia iliyo ndani ya simu ya Baba Gentrix.

Iliingia kwa mlango wa heshima, sikatai. Gentrix, ambaye yuko mwaka wa tatu hapo chuo kikuu, alimwekea baba yake ili imsaidie kutayarisha masomo. Mwezi wa kwanza ikatayarisha masomo. Mwezi wa pili ikamwandikia hotuba ya siku ya wazazi, watu wakapiga makofi. Mwezi wa tatu ikamtibia mbuzi. Mwezi wa nne ilinifikia mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Imevunja kelele za nyumba yangu.

Nimeishi na Cornelius miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote ameniambia kwamba obusuma wangu, yaani ugali, ni laini kama uji wa mgonjwa, nami nimemwambia kwamba mwiko uko pale ukutani, mikono anayo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Mimi nashinda kwenye injini mbili zinazonguruma. Nikifika nyumbani na kukuta kimya, masikio yananiuma. Sasa siku moja nimeweka sahani mezani, mwanamume anaonja, anafuta mdomo, anasema: "Asante kwa juhudi zako." Shemeji, niligeuka nyuma kuangalia ni mgeni gani ameingia. Hayo ni maneno anayoambiwa mhubiri aliyekuja kutoka mbali akahubiri vibaya.

Nilivumilia wiki tano. Halafu ikaja Jumatatu ambayo mkanda wa injini ulikatika kukiwa na foleni ya watu kumi na wanne, na fundi alikuwa ameuweka mkanda wa akiba mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui. Nilifika nyumbani nimejaa unga na hasira. Nilisema dakika ishirini bila kupumua. Nilimtaja fundi, nikamtaja mkanda, nikamtaja Cornelius na mama yake marehemu, Mungu amrehemu na anisamehe. Cornelius wa zamani angeniambia nisimguse mamake, tungepandishiana sauti mpaka majirani wazime redio wasikie vizuri, na tungelala tukiwa wepesi. Cornelius wa sasa alichukua simu. Akaandika kwa kidole kimoja. Akangoja. Akasoma. Kisha akaniinulia macho na kusema: "Inaonekana umekuwa na siku ngumu. Ungependa nikusikilize tu, au nikupe suluhisho?"

Nilienda chumbani nikatoa begi.

2. Inanitumia jumbe nzuri mno.

Tangu nifike huku nimepokea jumbe mbili kila siku, asubuhi na jioni, jumla thelathini na nane. Jumbe za Cornelius ninayemjua zilikuwa na maneno manne manne. "Leta chumvi. Mbuzi ametoroka." Hizi za sasa nimezihesabu, wastani wake ni maneno hamsini na mawili. Zina nukta. Zina mkato. Kuna moja inaniambia kwamba hisia zangu ni halali, kana kwamba hisia zangu zilikuwa zimesimamishwa barabarani na polisi zikakaguliwa. Ukizidisha, nimeandikiwa maneno elfu moja mia tisa sabini na sita, na ndani yake neno "nakuja" halimo hata mara moja. Wala habari ya mbuzi. Niliondoka yule mweusi akiwa amevimba mguu, na mpaka leo sijui kama anatembea au ameliwa.

3. Imemwambia anipe nafasi.

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Siku ya tano aliandika hivi, nanukuu: "Nimeshauriwa nikupe nafasi." Ameshauriwa na nani? Nilimpigia Gentrix. Gentrix akacheka, akasema, "Mama, hiyo lazima ni ile akili, ndiyo inapenda kusema mambo ya nafasi. Siku hizi Baba anaiongelesha kama mtu anayetubu." Ushahidi mwingine siuhitaji.

Nafasi, Shemeji! Nina ekari mbili na robo za nafasi. Mwanamke aliyerudi kwao hataki nafasi, anataka kusikia boda boda ikizima injini langoni. Hicho chombo hakijui jambo hilo, kwa sababu hakina kwao. Mtu asiye na kwao utamwelezaje maana ya kufuatwa?

Nawe usidhani nafasi hii nimepewa mimi peke yangu. Wamepewa watu wote wa boma la Simiyu, na inawabana. Siku ya kwanza nilichinjiwa ingokho, kuku mzima. Siku ya nne tulikula mayai, nikasema sawa. Siku ya nane mboga. Siku ya kumi na mbili mke wa kaka yangu, Jelagat, ambaye ni Mnandi na hazungushi maneno, alinisimamishia jembe kwenye mlango wa chumba changu. Siku ya kumi na nne akasema: "Wifi, kwetu mke akipitisha wiki mbili bila kufuatwa tunamhesabu kwenye mpango wa kupanda." Jana nimepewa mistari yangu ya mahindi. Ni kumi na mmoja. Watoto wa kaka yangu walikuwa wananiita Senge Mgeni, yaani Shangazi Mgeni. Sasa wameondoa Mgeni.

Na kuna mama yangu. Kila jua likipanda anatoa kiti chake, anakitazamisha barabara, na kuanza: "Mimi babako alinijia siku ya tatu, mvua inanyesha, mto umejaa, na viatu hana." Nimeisikia hadithi hiyo mara kumi na sita. Mara ya kumi na saba mto utakuwa na mamba.

4. Imeoleka bila kuolewa.

Hapa naomba wazee watulie, maana hoja hii ni ya kisheria. Mimi nilipoletwa katika ukoo wenu, wazee walikaa siku mbili. Walizozana juu ya ng'ombe tisa, mmoja wao akakataliwa kwa sababu ya pembe. Niliketi kwenye mkeka nikaulizwa mbele ya watu kama nawajua hawa wageni. Hiyo akili ya simu ililetwa na nani? Ilitolewa nini? Iliulizwa na nani? Leo ndiyo inayojua mume wangu amekula nini, amelala vipi, anaogopa nini, na anawaza nini juu yangu. Kama hiyo si mke, naomba nifafanuliwe mke ni nini.

Kwa hivyo naomba moja kati ya mambo mawili. Ama itolewe, ama itambuliwe rasmi kuwa mke mwenzangu, wa pili, kwa kuwa imekuja nyuma yangu kwa miaka ishirini na sita. Ikitambuliwa, basi ifanye kazi za mke mdogo. Inisalimie kwanza asubuhi. Mkutano wa ukoo ukifika, ipike. Watu sitini, sufuria mbili, moto wa kuni. Tukifiwa, iamke kabla ya jua iende kuteka maji, na ilie, na ilie kwa sauti inayofika kwa jirani, si kuandika kwamba inasikitika. Na Cornelius akitangulia kufa, ikae nami kwenye mkeka siku zote za matanga. Tuone kama chaji itafika.

5. Inaambukiza.

Mwenye kinu husikia mengi. Jirani yetu mmoja huko Lurambi ana mkwe kijana, mume wa bintiye. Kijana huyo aliiuliza simu yake atamwonyeshaje mama mkwe upendo. Ikamwambia, mkumbatie. Naye akaja, Jumapili mchana, watu wamejaa uwanjani, akamkumbatia mama mkwe. Mama wa watu alipiga yowe akaingia ndani ya miwa, na wanawake wanne walimtafuta mpaka saa kumi na moja. Mkwe na mama mkwe ambao hata mkono hawapeani! Imebidi watafute kondoo wa kusafisha jambo hilo, na kijana bado anauliza amekosea wapi.

6. Itawaondolea ninyi wazee kazi.

Sasa nakuja kwako binafsi, Shemeji, kwa hesabu. Wanaosaga kwangu ni nyumba mia mbili na kumi na mbili. Kwa uchunguzi wangu wa miaka kwenye foleni, nyumba yenye afya hugombana mara tatu kwa wiki. Hiyo ni magomvi mia sita thelathini na sita kwa wiki, na kwa mwaka elfu thelathini na tatu na sabini na mawili. Katika kila magomvi elfu moja, mke mmoja hufunga mzigo. Hao ni wake thelathini na watatu kila mwaka wanaohitaji kufuatwa, na hakuna anayefuatwa bila mzee mbele. Mwaka jana pekee wewe mwenyewe ulifuata wake tisa. Kila ulikofika ulichinjiwa. Waume wote wakianza kutoa nafasi, Mzee Cleophas atakula kuku wangapi kwa mwaka? Sifuri. Na mzee asiyesuluhisha atajuaje habari za watu wake? Baada ya miaka mitano mtakuwa mnakutana chini ya hema kutazamana, huku mambo yote ya ukoo yako mfukoni mwa vijana, yamefungwa kwa nywila.

Wanasema akili hizi zitachukua kazi za makarani. Makarani watajitetea wenyewe. Mimi nasema juu ya kazi ya kugombana, na ya kwenda kwao, na ya kufuatwa, na ya kunyamaza wote wawili ndani ya matatu mpaka mmoja ashindwe na kucheka. Hizo ni kazi zetu. Nilidhani hakuna wa kutunyang'anya.

Kwa hayo yote, naliomba baraza lako:

(a) Liiite hiyo simu mbele ya wazee Jumamosi hii saa nne, ikiwa na chaji kamili, na Gentrix awe msomaji.

(b) Iulizwe ni kwa mamlaka gani ilimzuia mume wa mtu asimfuate mke wake.

(c) Itozwe mbuzi mmoja mzima. Asiwe yule mwenye mguu.

(d) Cornelius aagizwe kuja Likuyani kwa miguu yake na mdomo wake mwenyewe, na maneno yake manne.

Hili la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Mengine naweza kupunguza. Shemeji, mimi nimezoea kununua nilichokikosa. Nilikosa shamba, nikanunua. Nilikosa kinu, nikanunua. Kufuatwa hakununuliwi. Mahindi ya Jelagat yakiota nikiwa bado hapa, sijui nitaingia Lurambi na uso gani.

Wasalimie wa nyumbani mwako wote, kuanzia mama watoto. Umwambie ile sufuria kubwa niliyomwazima asiirudishe kwangu sasa, hakuna wa kuipokea. Wasalimie akina mama wa kanisa, ambao nakala hii itawafikia. Msalimie hata mwenyewe Cornelius ukimwona, lakini usimwambie nimesema.

Ni mimi, shemeji yako, niliyeketi juu ya mzigo wangu,

Rachael Namalwa

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha jana usiku. Nimeifungua kwa kisu cha vitunguu, utaona alama.

Cornelius amefika. Saa tatu asubuhi, boda boda imezima injini langoni, na mama yangu ameinuka kwenye kiti kabla yangu. Hakuwa na mzee. Hakuwa na ujumbe. Kabla hata ya mulembe ameniuliza, mbele ya watu wote, ni mwanamke gani huondoka na ufunguo wa ghala akaacha mume anabembeleza kufuli kwa siku kumi na tisa. Nimemwambia ni mwanamke ambaye mume wake hajui kugonga mlango wa wakwe. Akaniambia mkanda ulikatika kwa sababu niliununua wa bei ya chini. Tumegombana dakika arobaini na tano. Jelagat amekimbiza kuku mwenyewe, bila kuambiwa.

Wakati kuku anaiva nimemwomba simu yake, akanipa, nikasoma kila kitu. Shemeji, nimesoma mara mbili. Siku ya kwanza kabisa hiyo akili ilimuuliza kama kwetu mke hufuatwa. Akajibu ndiyo. Ikamwambia: basi usikae hapa unaniandikia, nenda kesho asubuhi na mtu mzima anayeheshimika. Amekuja kwayo mara kumi na moja kwa maneno kumi na moja tofauti, na mara zote kumi na moja imemwambia aende. Ile ya kumi ilimwambia kwamba jumbe nzuri si badala ya safari. Naye kila mara amejibu jambo lile lile: "Siwezi. Kaka yangu mkubwa amenikataza."

Nimemuuliza uso kwa uso. Amesema wewe, Mzee Cleophas, ulimwambia siku ile ile ya kwanza: "Mpe nafasi apoe kama uji. Mwanamke mwenye kinu chake akifuatwa upesi atatukalia kichwani. Njaa ya kwao itamrudisha." Asubuhi ya leo hatimaye ameikaidi sauti yako, akapanda pikipiki.

Kwa hivyo barua naituma kama ilivyo, maana karatasi ya watoto ni ya kuhesabu. Naomba uisome upya, na kila mahali nilipoandika akili ya simu, usome Mzee Cleophas. Hoja ya nne tu ndiyo uiruke, haitakupendeza. Mbuzi ni yule yule mmoja.

Naishia hapa. Baba Gentrix ameshafunga begi langu vibaya na anapiga kelele langoni kwamba jua linapanda na mimi bado naandika. Namsikia. Ngoja apige kidogo tena.